Uzoefu wangu na kinga za chuma za pembe za sanduku la mashine ya pinboli

Nina mashine mbili za pinboli, ule mchezo wa mpira mdogo wa chuma unaobingirika kwenye uwanja ulioinama chini ya kioo, ndani ya sanduku lenye miguu minne. Ya kwanza ni ya zamani, na picha zake zimechapwa kwa rangi moja kwa moja juu ya plaiwudi. Ya pili ni mpya zaidi, na sanduku lake limefunikwa kwa stika kubwa za vinaili. Zote mbili sasa zina kinga za chuma kati ya kila mguu na pembe ya sanduku, baada ya mimi kutumia kwanza kinga za felti na kisha za plastiki. Kinga ya chuma yenye kitambaa laini upande wa ndani, na yenye bapa linalotokeza nje ya makali ya mguu, ndiyo pekee kati ya hizo tatu ambayo ningeinunua tena, ingawa ina kasoro zake na haiwezi kufanya kazi yake iwapo bolti za mguu zimelegea.

Ili mtu aweze kuipima kinga ya aina yoyote, inafaa kwanza aelewe jinsi mguu unavyoliumiza sanduku. Mguu wa mashine ya pinboli ni bamba la chuma lililokunjwa kufuata umbo la pembe, na hufungwa kwa bolti mbili zinazopenya ukingo wa pembe hiyo na kushikwa ndani na bamba lenye nyuzi za skrubu. Bolti zinapokazwa, huuvuta mguu kuelekea kwenye pembe, na kwa kuwa mkunjo wa chuma na pembe ya mbao ni nadra kulingana kabisa, mara nyingi kinachogusa mbao si uso wote wa mguu bali ni yale makali yake mawili ya pembeni. Mzigo wote unaopaswa kuenea juu ya eneo pana huishia kwenye mistari miwili myembamba. Mashine ya kawaida ina uzito wa kati ya kilo 110 na 135 hivi, na sehemu kubwa ya uzito wa kichwa, yaani kile kisanduku chenye kioo cha picha kinachosimama upande wa nyuma, huelemea miguu ya nyuma, kwa hiyo pembe za nyuma, ambazo hakuna anayezitazama, huanza kuumia bila mwenye mashine kujua.

Uzito pekee, hata hivyo, hauleti madhara makubwa ikiwa mashine imetulia. Madhara huja inaposogea. Mchezaji anayeusukuma mchezo kwa mikono ili kuuokoa mpira hulitikisa sanduku huku nyayo za miguu zikiwa zimeng'ang'ania sakafu, na mguu wenye urefu wa takriban sentimita 70 hugeuka kuwa wenzo: nguvu ndogo chini huwa nguvu kubwa juu, pale penye bolti, kwa sababu sehemu ya mguu inayoshikana na sanduku ni fupi mno ikilinganishwa na urefu unaobaki. Mbaya zaidi ni kuiburuta mashine sakafuni. Hapo mguu hujipinda kuelekea nyuma, makali yake huchimba ubavu wa sanduku, na alama inayobaki ni mfereji ambao hakuna rangi ya kupaka juu inayoweza kuuficha. Plaiwudi yenye unene wa takriban milimita 19 huvumilia kiasi fulani kabla ya tabaka lake la nje kuvunjika. Chipubodi haivumilii, kwani ikishabonyezwa humeguka na bolti zenyewe huanza kupanua matundu yake.

Mashine zangu mbili zilionyesha madhara hayo kwa namna tofauti, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niache kuamini kwamba kinga moja itamfaa kila mtu. Kwenye sanduku lililochapwa, rangi ilikuwa imebanduka kwa vipande vidogo kando ya makali ya miguu, na mbao ilikuwa imeanza kuonekana. Kwenye sanduku la stika hapakuwa na kilichobanduka. Badala yake vinaili ilikuwa imejikunja na kutengeneza mawimbi madogo pembeni mwa mguu, kwa kuwa shinikizo liliisukuma pembeni nayo haikuwa na mahali pa kwenda. Rangi huvunjika, stika huvutika. Mtu mwenye stika anapaswa kujali zaidi jinsi shinikizo linavyosambazwa, na mwenye rangi anapaswa kujali zaidi kwamba hakuna chuma kinachosugua.

Felti niliijaribu kwanza kwa sababu ni nyembamba, haionekani mguu ukishafungwa, na haifuniki picha yoyote. Kazi yake ya kuzuia msuguano ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Shida yake ni kwamba hubonyea. Bolti zilizokuwa zimekazwa sawasawa zililegea kidogo kadiri felti ilivyozidi kulala, na mguu uliolegea ndio hasa unaochimba sanduku, hivyo ilinibidi kukaza tena na tena. Felti yenye gundi upande mmoja ina tatizo la ziada: gundi hiyo ikikaa muda mrefu juu ya rangi ya zamani hushikamana nayo, na wakati wa kuiondoa rangi inaweza kutoka nayo. Kwa mashine ya umri mkubwa ambayo picha zake ni za asili, sioni sababu ya kuweka gundi ya aina yoyote juu ya rangi.

Kinga za plastiki, zile za uwazi, zilinivutia kwa sababu picha huonekana kupitia kwake. Ni rahisi kufunga na hazina makali. Lakini plastiki nyembamba huchukua umbo la mguu, yaani makali ya mguu huiminya nayo hulipeleka shinikizo lilelile kwenye sanduku likiwa limepungua kidogo tu. Niliziona alama za mistari miwili kwenye stika baada ya kuzitoa, zikiwa hafifu lakini zikisomeka wazi. Vumbi pia huingia kati ya plastiki na sanduku na kubaki humo, na kwa kuwa plastiki ni ya uwazi, vumbi hilo huonekana. Kwa mashine isiyohamishwa, na ambayo wachezaji wake ni wapole, plastiki inatosha, kwangu haikutosha.

Kinga ya chuma niliyoishia nayo ni bamba jembamba lililokunjwa kufuata pembe ya sanduku, lenye matundu mawili ya bolti, na lenye upana unaozidi ule wa mguu kila upande. Upana huo wa ziada ndio unaobeba kazi yote. Makali ya mguu hukalia chuma badala ya mbao, na chuma, kwa kuwa hakibonyei kirahisi, huusambaza mzigo juu ya eneo lake lote. Upande wa ndani, unaogusa sanduku, una kitambaa laini chembamba kinachozuia chuma kisisugue rangi. Kitambaa hicho ni chembamba kiasi kwamba bolti hazilegei kama zilivyolegea kwa felti nene. Naona huu ndio mpango sahihi: kitu kigumu upande wa mguu, kitu laini upande wa sanduku, na kitu laini kiwe chembamba iwezekanavyo.

Kuzifunga kunahitaji utulivu zaidi kuliko ufundi. Niliizima mashine na kuchomoa waya wake wa umeme, nikaitoa mipira yote, kwa kuwa mpira wa chuma unaobingirika ndani wakati sanduku linainuliwa unaweza kuharibu uwanja wa kuchezea, kisha nikakilaza kichwa. Niliinua upande mmoja wa mashine na kuuweka juu ya tegemeo imara lililokaa katikati ya chini ya sanduku, na nikafungua miguu miwili ya upande huo pekee. Usikubali kamwe mashine isimame kwa miguu mitatu, hata kwa muda mfupi wa kubadilisha kinga moja, kwa sababu mzigo wote wa upande huo utaelemea mguu mmoja na pembe yake inaweza kupasuka. Kuinua mashine ni kazi ya watu wawili. Nasema hivyo kwa ajili ya mgongo wa mtu na kwa ajili ya sanduku pia.

Kabla ya kuweka kinga nilifuta pembe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kuikausha vizuri. Chembe moja ya mchanga iliyobanwa chini ya chuma ni sawa na msasa uliofungwa kwa bolti. Nilikagua pia ukingo wa matundu ya bolti, kwani mara nyingi mbao huwa imeinuka kidogo pale bolti zilipovutwa kwa miaka mingi. Sehemu hiyo niliisawazisha kwa wembe ili kinga ikae bapa. Baadaye niliingiza bolti zote mbili kwa vidole kwanza, nikahakikisha kwamba mguu umekaa wima na kinga haijapinda upande mmoja, ndipo nikakaza kwa spana, kidogo bolti ya juu, kidogo ya chini, kwa zamu. Anayeikaza bolti moja hadi mwisho kabla ya kuigusa ya pili huiinamisha kinga, na bapa lake la upande mmoja hubaki hewani huku la upande wa pili likibonyeza stika.

Kuhusu bolti zenyewe kuna jambo ambalo maelezo ya bidhaa nyingi hayaligusi. Bolti za miguu kwenye mashine za Kimarekani, ambazo ndizo nyingi duniani, zina kipenyo cha inchi 3/8 na nyuzi 16 kwa kila inchi. Bolti ya milimita 10 inafanana nayo machoni, lakini si yenyewe, na kuilazimisha huharibu nyuzi za bamba la ndani. Spana ya milimita 16 huikamata vizuri bolti ya kawaida ya mguu. Kinga ya chuma huongeza unene kidogo sana, hivyo bolti za zamani zilitosha kwenye mashine zangu zote mbili, lakini anayeongeza felti nene juu ya kinga, kama niwaonavyo wengine wakifanya, apime kwanza iwapo bolti bado inashika nyuzi za kutosha ndani. Ningeshauri pia kuyatazama yale mabamba ya ndani wakati mguu uko nje, kwa sababu bamba lililolegea hufanya mguu utikisike hata bolti zikikazwa kwa nguvu zote.

Matokeo yake yamenipendeza. Kwenye sanduku la rangi hakuna kipande kipya kilichobanduka, na kwenye lile la stika mawimbi ya zamani hayajaongezeka, ingawa hayakutoweka, wala sikutarajia yatoweke. Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba mashine yenyewe imekuwa thabiti zaidi wakati wa kucheza, kwa kuwa miguu imekaa juu ya uso ulionyooka. Baada ya kufunga kinga niliupima upya mwinamo wa uwanja, ambao kwa mashine nyingi za kisasa unapendekezwa uwe takriban nyuzi 6.5, na nikalazimika kurekebisha kidogo skrubu za kusawazisha kwenye nyayo. Kipima mtikisiko, kifaa kinachosimamisha mchezo mashine ikitikiswa kupita kiasi, nacho kilihitaji kuangaliwa upya.

Kasoro zipo. Bapa la chuma hufunika ukanda wa picha kila upande wa pembe, na kwa mtu anayethamini michoro ya sanduku huo si ukanda mdogo. Rangi nyeusi hujificha vizuri kuliko chuma kinachong'aa, na mimi nilichagua nyeusi. Seti moja niliyonunua kwa muuzaji ambaye sitamtaja ilikuja na kingo zisizosuguliwa, zenye ncha ndogo zinazoweza kukwaruza stika, na ilinibidi kuzipitisha kwenye tupa kabla ya kuzitumia. Kwa hiyo pitisha kidole kwa uangalifu kwenye kila ukingo kabla kinga haijagusa sanduku. Umbali kati ya matundu ya bolti nao hautoshani kwa mashine za watengenezaji wote na za miaka yote, kwa hiyo pima umbali huo kwenye mashine yako kabla ya kuagiza, wala usitegemee neno la muuzaji kwamba kinga yake inafaa mashine zote.

Upo pia mpaka ambao hakuna kinga inayouvuka. Pembe ambayo gundi yake imeachia, au ambayo tabaka za plaiwudi zimeanza kutengana, inapaswa kutengenezwa kwanza kwa gundi ya mbao na vibano hadi ikauke kabisa. Kuifunika kwa chuma ni kuuficha ugonjwa huku mguu ukiendelea kuipanua nyufa. Na mashine yenye kinga bora kuliko zote bado haipaswi kuburutwa. Wakati wa kuhamisha, ondoa miguu yote, ukiandike kila mguu na kinga yake zilitoka pembe ipi, kwani kinga iliyokwisha kuzoea umbo la pembe moja hukaa vibaya kwenye nyingine, na usafirishe sanduku likiwa juu ya blanketi nene. Mimi hukagua ukazaji wa bolti kila baada ya kuhamisha mashine na kila ninapofungua kioo kusafisha uwanja, na kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko kusafisha kioo chenyewe.