Uzoefu wangu na UDA ya kumbakumba, kwa wanaodai mabasi ya jiji Dodoma

Nianze na alama, mwenye haraka aondoke nazo: UDA ya zamani, shirika la umma la mabasi ya Dar, naipa nyota nne kwa tano. Ndiyo, UDA ile ile mnayoitaja kwa kicheko. Naandika kwa sababu kila ikizuka hoja kwamba Dodoma sasa ni jiji na inastahili mabasi yake, lazima atatokea mmoja aseme "jamani, tusirudie ya UDA", na ukimuuliza aliipanda lini, kumbe hakuwa amezaliwa. Mimi niliipanda. Nilisoma Dar, nikaanza kazi Dar, na mpaka wizara yetu ilipohamia huku baada ya lile tangazo la mwaka 2016 la serikali kuhamia Dodoma, nilikuwa mtu wa basi asubuhi na jioni. Gari langu la kwanza nimelinunua Dodoma, nikiwa na mvi kichwani. Sababu nitaifikia.

Kwa ambao hawajui, UDA ni Usafiri Dar es Salaam. Kabla yake kulikuwa na DMT, kampuni ya mabasi iliyoanza mwaka 1949 wakati wa Mwingereza. Ilitaifishwa baada ya Azimio la Arusha, na mwaka 1974 ikakatwa mapande mawili: mabasi ya mjini yakawa UDA, ya masafa ya mikoani yakawa KAMATA.

Sasa kumbakumba. Lilikuwa Ikarus la kutoka Hungaria, basi refu lenye kiungo katikati, limeunganishwa kwa mpira wa mikunjo uliokuwa ukijikunja na kujinyoosha kama kinanda cha mkono. Pale kwenye kiungo, sakafuni, palikuwa na sahani ya duara. Basi likikata kona, sahani inageuka polepole chini ya miguu yako, na ukuta wa mikunjo upande mmoja unakusogelea, upande wa pili unakukimbia. Sisi wanafunzi tulipagombania. Watu wazima walipakwepa, hasa mama mwenye ndoo ya samaki kutoka Feri, maana ukiweka mguu mmoja juu ya sahani na mwingine nje, kona moja tu inakufanyisha mazoezi usiyoyaomba. Injini ilikuwa chini ya sakafu, kwenye kipande cha mbele, na aliyesimama juu yake alipata habari zake kupitia nyayo. Milango ilifunguka kwa upepo, ikikunjana yenyewe na kutoa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

Lakini nyota nne sizitoi kwa sahani ya duara. Nazitoa kwa jambo ambalo wakati ule sikuliona kuwa jambo: dereva wa UDA alikuwa na mshahara.

Mnaweza kuona ni kitu kidogo. Nendeni stendi yoyote ya daladala hapa mjini saa nane mchana, jua la Dodoma likiwa utosini, mkaone kazi isiyo na mshahara inavyokwenda. Nilipita mwaka huu nikielekea upande wa Nkuhungu. Hiace imewashwa, inanguruma, debe linapigwa: "Mama, ingia twende, wawili tu!" Nachungulia, kweli imejaa. Nakaa kiti cha kukunja. Anaingia abiria mwingine, kijana wa nyuma yangu anashuka. Anaingia mwingine, anashuka wa pili. Kumbe nusu ya gari ni vijana wa stendi waliokalishwa kama chambo, ili mimi na wewe tudhani safari imeiva. Wawili tu wakawa wanane. Simlaumu yule konda, naijua hesabu anayodaiwa. Jioni tajiri, yaani mwenye gari, anataka fedha yake, gari limejaa ama halikujaa, mafuta yamepanda ama hayakupanda, na kinachobaki ndiyo chakula cha dereva na konda. Ukishalijua hilo, mengine yote yanajieleza: kwa nini gari halitoki mpaka lijae, kwa nini mwanafunzi anasukumwa pembeni, kwa nini ruti inakatishwa njiani abiria wakibaki wachache, kwa nini usiku ukiingia magari yanapotea.

Dereva wa UDA hakuwa na tajiri wa kumsubiri getini. Alikuwa na ruti na zamu. Basi lilitoka Posta kwenda Mwenge kwa sababu wakati wake wa kutoka umefika. Konda alikata tiketi ya karatasi, nauli ilikuwa moja na inajulikana, na mwanafunzi alikuwa abiria kama wengine. Mkaguzi akipanda njiani anauliza tiketi, na ole wako kama uliitumia kufutia jasho. Na zilikuwa enzi ambazo Jumapili baada ya saa nane mchana magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani, mafuta yakibanwa. Bosi na tarishi wake walikutana kituoni, shikamoo zinapishana, kila mmoja ameshika sarafu zake. Wajukuu nikiwasimulia hilo wanadhani natia chumvi.

Basi kama ilikuwa nzuri hivyo, iliuawa na nini? Hapa ndipo watu hurahisisha. Wanasema uvivu wa mashirika ya umma, basi. Uvivu ulikuwepo, sikatai, lakini tazama kalenda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vikaanza mwaka 1978. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapaa kwa mara ya pili ndani ya muongo mmoja. Nchi ikakosa fedha za kigeni, na Ikarus haikuwa na kipuri hata kimoja kinachotengenezwa Mwananyamala. Wakati huo huo jiji linafurika watu, na nauli inapangwa na serikali, chini ya gharama ya kuliendesha basi, kwa nia njema kabisa ya kumsaidia mfanyakazi. Nia njema haiagizi pampu kutoka Budapest. Mabasi mabovu yaliongezeka gereji, machache yaliyobaki yakabeba mzigo wa yote, na kwa kuzidiwa nayo yakafuata wenzake.

Pengo likazibwa na wajanja. Kwanza zile pikapu za chai maharage, abiria mnakaa mkitazamana kwenye mabenchi kama mko mgahawani, zikikimbiakimbia polisi. Mwaka 1983 serikali ikakubali yaishe, ikaruhusu magari ya watu binafsi, na kibali chao wakakipata kupitia UDA yenyewe. Hebu fikiria: unampa leseni mtu atakayekuzika. Kufikia zama za vipanya, zile daladala ndogo, miaka ya 90, UDA ilikuwa jina kuliko mabasi. Mwaka 2011 uuzaji wa hisa zake ukawa sakata lililotua hapa hapa Dodoma, bungeni, wabunge wakihojiana nani aliuza, kwa bei gani na kwa ruhusa ya nani. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikuwa na asilimia 51 na Serikali 49. Mwaka 2016 mwendokasi, yale mabasi yenye njia zake peke yake, ulipoanza kati ya Kimara na Kivukoni, jina likapata mwili mwingine, UDA-RT, kampuni iliyoyaendesha. Hiyo ni habari ya peke yake, sitaitia alama hapa.

Nyota niliyoibana ni ya nauli. Anayetaka mwananchi alipe kidogo ana haki ya kutaka, ila tofauti ailete mezani kila mwezi. UDA iliambiwa itoe huduma kama hospitali na ijiendeshe kama duka.

Nirudi huku kwetu, maana kuna jambo linalonikera kuliko kumbakumba zote zilizolala gereji. Mwaka 1976, miaka miwili tu baada ya UDA kuzaliwa, Mpango Mkuu wa Makao Makuu hapa Dodoma ulichorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Kanada, chini ya CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Mji uliokuwa kwenye ile michoro haukuwa wa magari binafsi. Ulikuwa wa mtembea kwa miguu, baiskeli na basi: makazi yamepangwa kwa vijiji vijiji vya mjini, na njia za mabasi peke yao zinaviunganisha. Yaani kile ambacho Dar ilikuja kukipata mwaka 2016, Dodoma ilishachorewa miaka 40 kabla. Dar ilikuwa na mabasi bila njia yake, sisi tukawa na njia kwenye karatasi bila mabasi. CDA ilivunjwa mwaka 2017, mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, viwanja vikapimwa mpaka huko, na njia ya basi haikuonekana.

Kilichobaki ni ule utawanyikaji. Mji ulitandazwa kwa kutegemea basi, basi halikuja. Mtumba kwenye Mji wa Serikali ni kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Chuo Kikuu kiko juu ya kilima chake. Stendi kuu ya mikoani iko Nzuguni. Unatoka Dar kwa treni ya umeme, iliyoanza kufika hapa mwaka 2024, safari imekuwa tamu, umelala usingizi wa kiyoyozi, halafu ukishuka unaanza kubishana na bajaji bei ya kukufikisha nyumbani. Ndiyo maana nikanunua gari uzeeni. Wizarani tulikuwa na basi la watumishi, nashukuru, lakini linabeba watumishi. Mama anayeuza mboga Majengo hana kitambulisho cha wizara.

Kwa hiyo mkija kuniuliza kama Dodoma ianzishe mabasi yake, jibu langu ni ndiyo, na wala msianze na mabasi mia moja na utepe wa kukata. Anzeni na ruti moja, Mtumba hadi katikati ya mji kupitia Nzuguni na Ipagala. Dereva na konda walipwe mshahara wa mwezi. Ratiba ibandikwe kituoni kwa herufi ambazo mzee wa miwani anaweza kuzisoma. Nauli ikipungua chini ya gharama, pengo liandikwe kwenye bajeti ya jiji, diwani alione na alipitishe kwa mkono wake. Basi la kwanza liondoke saa kumi na moja na nusu alfajiri, la mwisho saa tatu usiku, lina watu ama halina.