Shilingi 500 za "kumshika"

Shilingi 500. Si za dawa, si za chakula, si za ushauri. Ni za "kumshika". Yaani nimempeleka nyoka wangu dukani ana shida, mtu akamkamata kwa nguvu, akamchuna ngozi kavukavu mbele ya macho yangu, kisha akaninyooshea kidole kwenye ile namba ya kulipia iliyobandikwa ukutani: "Na mia tano ya kumshika, mamangu." Nikalipa. Ujumbe wa M-Pesa ninao mpaka leo, na nikiona hasira zinapungua naufungua nausoma tena.

Nafuga nyoka wa nyumba, wale wa kahawia wasio na sumu, wenye mistari miwili hafifu pembeni mwa kichwa. Jike. Jina lake Kahawa. Kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ninacho, kwa hivyo msianze. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haina mchezo, na nyinyi mnaookota nyoka shambani mkamtia kwenye ndoo mkasema "nafuga" mwende mkaisome. Jirani yangu wa chini ana hakika kwamba nafuga jini, na tangu apate hakika hiyo hajapanda juu kuomba sukari. Hilo silalamikii.

Sasa duka, maana nimekuja hapa kulitolea nyota, lenyewe na dawa yake ya kupuliza. Silitaji jina, liko ng'ambo ya daraja, anayelijua analijua. Sanduku la kioo, wavu wa kufunikia juu na taa ya joto vyote nilinunua kwao. Siku ile niliomba na kipima unyevu. Mwenye duka akamgeukia mteja mwingine: "Huyu yuko Mombasa, anatafuta unyevu!" Wakacheka. Wala hakunionyesha, na kilikuwepo, kilikuwa juu ya rafu nyuma ya kichwa chake.

Na kwa kuyasikia tu, maneno yake yana akili. Huku chumvi inaganda kwenye kikopo, nguo ukianika usiku asubuhi mbichi. Lakini hewa ya Bahari ya Hindi haipigi hodi ikaingia ndani ya sanduku la kioo. Kaskazi ilikuwa imekaza, nyumba nzima tunalala na kiyoyozi, na kiyoyozi kinakamua maji hewani, ndiyo maana kuna ule mpira unaodondosha ukutani nje usiku kucha. Kisha taa inachoma kutoka juu, kisha wavu unapitisha kila kitu. Nje Mombasa, ndani ya sanduku ukavu wa Turkana, na kwenye ukavu gamba la nyoka halitoki vizuri. Mtu anayeuza vifaa hivi alipaswa kuniambia siku ya kwanza. Yeye alicheka.

Basi Kahawa akaanza kujivua gamba. Dalili zake ukishaziona mara moja huzisahau: rangi inafifia, macho yanaingia ukungu wa buluu na weupe, anajificha, hataki kula, na kwa wakati huo hupaswi hata kumgusa maana haoni vizuri na ana wasiwasi. Ule ukungu ni majimaji yanayojikusanya kati ya gamba kuukuu na jipya lililo chini. Baada ya siku chache macho yanatakata tena, na ndipo anapoanza kusugua pua kwenye jiwe mpaka gamba lipasuke mdomoni. Akishapata mwanya anatambaa tu, linabaki nyuma limegeuka ndani nje, zima, kuanzia puani hadi ncha ya mkia. Hata macho yamo. Nyoka hana kope. Jicho limefunikwa na kigamba kinachopitisha mwanga, na kigamba hicho nacho kinatoka na mengine.

Safari hii halikutoka zima. Lilitoka viraka. Ubavuni limebaki kavu limejikunja, macho yote mawili bado yana ukungu, na kwenye mkia, karibu na ncha, imebaki pete. Viraka vya ubavuni havinitishi sana. Pete ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu gamba likikauka linabana, damu haipiti, na ncha ya mkia inafia pale pale: inakuwa nyeusi, mwishowe inakatika.

Nikamtia kwenye foronya, nikafunga fundo, nikachukua tuktuk. Dereva akauliza mzigo gani unajisogeza. Nikamwambia nguo.

Dukani mwenye duka alikuwa kwenye simu na hakuishusha. Nikamweleza. Hakuniuliza swali hata moja. Naomba mlishike hili, hata moja. Akaingiza mkono kwenye foronya, akamtoa kwa shingo, simu imebanwa begani, na kwa kucha ya kidole gumba akainua ncha ya kile kiraka cha ubavuni. Kilikuwa kikavu kabisa. Akavuta. Nilisikia sauti yake, mkwaruzo mdogo wa karatasi inayobanduliwa ukutani, na pale kilipotoka magamba mapya chini yake yalikuwa na wekundu. Kahawa akajikunja kwenye mkono wake akatoa ule uvundo wanaotoa wakiogopa. Nikasema, "Kaka, taratibu, hajalowa." Akasema, "Vuta tu kama soksi."

Soksi haina damu, bwana. Soksi haina macho. Maana kilichofuata ni kwamba alivuta droo akatoa kibano, kibano cha chuma chenye ncha, akamwelekea jichoni. Pale nikamshika mkono. Sijawahi kumshika mkono mwanamume mgeni katika maisha yangu, na mamangu akisikia atauliza maswali, lakini nilimshika. Kile kigamba kiko juu ya jicho lenyewe. Ukikosea kidogo umelitoboa, na nyoka aliyetobolewa jicho hulirudishi. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni wa kazi: "Mwafuga nyoka kisha mwaogopa nyoka. Kama huwezi mpeleke Haller Park akakae na wenzake."

Mbele ya watu. Kulikuwa na baba na mtoto wake wanachagua samaki.

Kisha akaniuzia chupa. Dawa ya kupuliza, ya kulainisha gamba, shilingi 1,800, picha ya nyoka wa kijani kibichi kwenye karatasi yake. Na mia tano ya kumshika. Chenji ya chupa akanipa pungufu, iliyobaki akanimalizia na peremende. Mtu mzima, peremende.

Dawa yenyewe niiseme haraka maana ndiyo niliyokusudia kuiandikia: nilipuliza kama maelezo yalivyosema, Kahawa akawa anateleza mkononi simudu kumshika, na pete ikabaki palepale. Labda inafaa kwa nyoka ambaye gamba lake lingetoka hata bila dawa. Labda. Mimi haikunifaa kitu.

Sasa nije kwa jambo linaloniharibia hesabu ya nyota, kwa sababu ningeweza kumaliza hapa na sifuri yangu nikalala.

Nilipotoka nje nasubiri tuktuk, kijana aliyekuwa nyuma ya duka anaosha matangi ya samaki akanifuata, mikono bado inadondosha maji. "Dada, samahani. Chumbani kwake mna kiyoyozi?" Swali la kwanza. "Anakunywa maji? Bakuli lake ni kubwa kiasi cha kuingia mwili mzima?" La pili na la tatu. Kisha akaomba kumwangalia, akafungua foronya kidogo, hakumtoa, akatazama pembezoni mwa macho na chini ya kidevu. Anatafuta utitiri, akaniambia, vile vidudu vyeusi vidogo mno. Vikimvamia nyoka gamba halitoki vizuri hata unyevu ukiwepo, na mara nyingi utavikuta vimezama kwenye bakuli la maji. Hakuviona. "Huyu ni ukavu tu. Usivute chochote kikavu. Na macho usiyaguse kabisa."

Halafu akaangalia nyuma kama bosi haoni, akaniambia nisinunue yale matofali ya makumbi ya kutunza unyevu ya pale kaunta. Nami nilikuwa nimeshayaona! Makumbi ya nazi yaliyosindiliwa, yamefungwa nailoni, yametoka Sri Lanka, bei ya kukaribia elfu moja. Makumbi! Mombasa! Sisi ambao kuanzia Kwale hadi Kilifi tunayakanyaga, tunayachoma kufukuza mbu, tunayatupa na malori! Mtu anapakia makumbi kwenye meli, yanavuka bahari, yanashuka Kilindini, ili mimi niyanunue hatua chache kutoka kwa mfua nazi. Hili nusura linikasirishe kuliko zile mia tano. Hapana, si kuliko. Karibu sawa.

Nikaenda Kongowea kwa wafua nazi, pale kwenye kifuo kuna lundo, nikapewa mfuko bure na mzee akaniuliza naenda kupanda maua. Nikayachemsha, nikayakausha, nikayachambua nyuzinyuzi, nikayalowesha na kuyakamua, nikayajaza kwenye kopo la aiskrimu lenye tundu pembeni. Hicho ndicho chumba chake cha unyevu. Anaingia mwenyewe akitaka, anatoka akitaka.

Na beseni. Maji matamu ya mtungi, si ya kisima chetu yenye chumvi, ya vuguvugu, nyuzi 28 hadi 30 hivi, kina kisichofika kichwani ili asilazimike kuogelea. Nusu saa, nimekaa kando namwangalia, maana nyoka anazama vizuri tu ukimwacha akachoka. Kisha taulo lililoloweshwa, nikalishika kwa mikono miwili bila kubana nikamwacha apite katikati. Yeye anatambaa, taulo linasugua. Aliposhika mwendo nikahisi kitu kinabaki kwenye kitambaa. Nikafungua: utepe mrefu wa gamba, laini, unapitisha mwanga, kila gamba dogo limejichora. Na yeye aliyetokea upande wa pili ana ile rangi ya kahawia yenye upinde wa mvua ndani yake ukimwelekeza dirishani.

Pete ilitaka subira. Haikutoka siku hiyo, wala mkupuo mmoja. Maji tena, kijiti cha pamba kilicholowa, unaisukuma kuelekea nchani kidogo kidogo, si kinyume chake. Ilipotoka ilikuwa ndogo, nyembamba, ukiitia kiganjani huioni. Mkia chini yake ulikuwa na alama tu, haujaingia weusi.

Kigamba cha jicho la kulia kilitoka na taulo. Cha jicho la kushoto kilikataa. Na hapa ndipo nilipomkumbuka kijana, maana mkono wangu wenyewe ulikuwa unawasha. Sikuligusa. Nikaacha kopo la makumbi liwe na unyevu wakati wote, nikafunika nusu ya wavu, na alipojivua tena baada ya wiki kadhaa, gamba likatoka zima, vigamba vyote viwili vya macho vimo, na cha kushoto kilikuwa kinene kuliko mwenziwe kwa sababu kilikuwa viwili vimegandana. Nimelihifadhi. Jirani wa chini asijue.

Kwa hivyo nyota ngapi? Nilianza na sifuri. Nikimfikiria kijana nataka kuwapa nne. Nikikumbuka kwamba kijana mwenye elimu yote ile anaosha matangi nyuma, na mwenye kibano ndiye aliyekaa mbele, narudi sifuri. Sisemi mwenye duka ni mtu mbaya. Huenda samaki anawajua sana, yule baba na mtoto wake waliondoka wanacheka. Lakini asiwaguse nyoka, na akiwagusa asitoze.

Nyota mbili basi, na zote za kijana. Nilirudi juzi kununua kipima unyevu, maana kwingine sikukipata karibu. Nilichungulia kwanza dirishani nione nani yuko kaunta. Alikuwa kijana. Nikanunua. Chenji ikatoka kamili, na hakunitoza kuongea.

Chupa ya kupuliza imebaki karibu yote. Anayeitaka aje Tudor aichukue bure, peremende nitamtilia juu.