Uzoefu wangu na seti ya kugawa umeme wa redio garini: kisanduku kizuri, waya mbovu

Seti hii inauzwa kwa wanaofunga redio ya ridhaa (redio ya mawasiliano ya wapenzi wa redio, si ya kibiashara) na vifaa vingine vya umeme garini. Ndani yake kuna kisanduku cha fyuzi chenye njia sita, relei (swichi inayowashwa kwa umeme wa koili) ya ampea 80, kishikio cha fyuzi kuu, na waya mwekundu na mweusi, kila mmoja mita 5. Kwangu inalisha redio ya HF (masafa ya mawasiliano ya mbali) ya wati 100, redio ya VHF (masafa ya juu zaidi, ya mawasiliano ya karibu) ya wati 50, kamera ya dashibodi na chaja ya USB. Kisanduku kinastahili pesa yake. Waya haufai kuingia garini.

Ganda la waya limeandikwa milimita za mraba 6. Kata ncha, kwaruza uzi mmoja kwa kisu, na chini ya rangi ya shaba utaona weupe: ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya ule wa shaba tupu, na hapa unene mwingi ni wa ganda, nyuzi zenyewe ni chache. Redio ya wati 100 ikirusha hula ampea 20 hadi 23, na umeme huo unasafiri mita 5 kwenda na mita 5 kurudi. Nikipima kwenye plagi ya redio, huku nikirusha kwenye mzigo bandia (kifaa kinachofungwa badala ya antena), volti 1.5 zinapotelea njiani. Injini ikiwa imezimwa na betri ikisoma 12.4 ikiwa inafanya kazi, redio inabaki na 10.9. Redio nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa volti 13.8, na huvumilia asilimia 15 juu au chini, yaani zisishuke chini ya 11.7. Ndiyo maana sauti inakwaruza kwenye SSB (namna ya kurusha sauti kwenye HF), skrini inafifia kila ukitamka neno, au redio inajizima katikati ya mazungumzo. Wengi hupeleka redio kwa fundi wakati ugonjwa uko kwenye waya.

Kibaya zaidi, fyuzi kuu iliyomo ni ya ampea 80. Fyuzi hulinda waya, hailindi redio. Waya huu ukigusana na bodi la gari, ganda linaweza kuyeyuka na hata kushika moto kabla fyuzi hiyo haijakatika. Hili si jambo la kusema utalirekebisha baadaye.

Niliweka shaba tupu ya milimita za mraba 10 na fyuzi kuu ya ampea 50, sentimita 20 hivi kutoka kwenye betri. Upotevu ulishuka hadi karibu nusu volti, viungo na fyuzi vikiwamo. Kama redio yako ni ya VHF ya wati 50 peke yake, inayokula ampea 10 hadi 13, milimita za mraba 6 za shaba halisi zinatosha kwa urefu huo, na fyuzi kuu iwe ya 30.

Tumia terminali za kubana kwa koleo lake, kisha vuta kwa nguvu kuhakikisha. Usizamishe ncha kwenye risasi ya kulehemu: nyuzi zinakuwa ngumu, na mtetemo wa gari unazikata pale pale risasi inapoishia. Waya ukipita kwenye ukuta wa injini upitishe ndani ya mpira, usiache ulalie bati. Na usiufunge pamoja na nyaya za mifuko ya hewa. Kwenye nguzo za milango chungulia kwanza kilichomo.

Karatasi ya maelekezo inasema waya mweusi uende moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Kwa magari mengi ya sasa hilo ni kosa. Ukiona kisanduku kidogo chenye plagi kwenye terminali ya hasi, hicho ni kihisi kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukikiruka, kompyuta ya gari haioni matumizi ya redio na betri inachajiwa kidogo kuliko inavyohitaji. Funga pale waya mkuu wa hasi wa betri unapoungana na bodi, kwangua rangi mpaka bati ling'ae, kaza, kisha paka grisi. Kwenye gari lisilo na kihisi, ukienda hadi betri weka fyuzi na upande wa hasi: waya mkuu wa hasi ukilegea, umeme wa stata utatafuta njia ya kurudi kupitia redio yako.

Relei ni nzuri, ila haina daiodi (kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu). Kila ukizima gari, koili inatoa mruko wa volti unaosikika kama mlipuko mdogo kwenye spika. Unga 1N4007 kati ya pini 85 na 86, mstari wake ukielekea upande wa chanya. Ukiigeuza itakuwa shoti na fyuzi ya koili itakatika mara moja. Koili nimeilisha kutoka kwenye fyuzi ya saketi inayowaka kwa ufunguo, kupitia adapta yenye fyuzi mbili, ile ya ziada ikiwa ya ampea 3. Wakati wa kuwasha injini redio inazimika kidogo kisha inarudi, na hilo ni zuri kwa redio.

Sasa kisanduku chenyewe. Skurubu ni za chuma cha pua, kifuniko kinabana vizuri, na vishikio vinakamata fyuzi kwa nguvu hata baada ya kuzichomoa mara nyingi. Kila njia ina taa ya kuonyesha fyuzi iliyokatika, lakini haitawaka kama hakuna kifaa kilichounganishwa na kuwashwa upande wa pili, kwa hiyo usiitegemee kupima njia tupu. Nimeweka 25 kwa HF, 15 kwa VHF, 5 kwa chaja na 3 kwa kamera. Muuzaji anadai jumla ya ampea 100. Mimi nisingevuka 60.

Kelele haziondolewi na seti hii. Mlio unaopanda na kushuka kwa mwendo wa injini ni wa alteneta, na kuunga bodi vizuri huupunguza sana. Mngurumo usiobadilika mara nyingi ni chaja ya USB au kamera: chomoa fyuzi moja moja huku ukisikiliza. Yangu ilikuwa chaja. Feraiti (pete ya sumaku inayozuia kelele za redio) ya mchanganyiko namba 31, waya ukizungushwa mara 4 au 5 ndani yake, ilifuta kelele kwenye bendi ya mita 40 ya HF, kwa sababu uwezo wake hukua kwa mraba wa mizunguko. Feraiti ya kubana juu ya waya ulionyooka haikufanya lolote kwenye HF. Kwenye VHF kelele ilibaki mpaka nilipobadilisha chaja yenyewe.

Kama muuzaji anakubali kuuza kisanduku na relei bila waya, nunua hivyo.