FactCheck.org kwa wabishi wa kijiwe chetu Majengo, Moshi: nyota nne

Nawapa nyota nne kati ya tano, ile moja niliyobania nitaisema huko mbele. FactCheck.org ni huduma ya bure, iko chini ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani tangu 2003, kazi yao kuchimba kama wanayosema watu wa siasa, na maneno wanayobandikiwa, ni ya kweli. Sisi huku Majengo tumeijulia kwenye ubishi wa Charlie Kirk, yule mchambuzi wa mrengo wa kulia aliyepigwa risasi Utah Septemba 2025, maana hata hajazikwa magrupu ya WhatsApp yakajaa posta, picha yake juu, maneno ya kashfa chini, zingine zimeshatiwa Kiswahili na hujui nani katafsiri. Kijiwe kikagawanyika, hawa wanasema jamaa mbaguzi, wale wanasema anasingiziwa mwacheni marehemu apumzike, na wote hao hakuna aliyewahi kumsikiliza hata dakika tano 😂

Nilichowapendea hawakimbilii kugonga muhuri wa kweli au uongo. PolitiFact, wakaguzi wenzao wa huko Marekani, wao wana kile kipimo chenye mshale wa kweli au uongo, na mimi nawajua watu wangu, wataangalia mshale wakimbie nao. Hawa wanakuwekea sentensi nzima, kaisema lini, kwenye kipindi gani, na linki ukasikilize mwenyewe.

Chukua posta iliyotembea kuliko zote, ile ya kwamba Kirk kasema wanawake weusi hawana akili ya kutosha. Ukiingia unakuta maneno yapo, ni ya Julai 2023 kwenye shoo yake, ila alikuwa anawasema wanne kwa majina, Michelle Obama, mtangazaji Joy Reid, mbunge Sheila Jackson Lee na Jaji Ketanji Brown Jackson, anadai wamefika pale kwa kubebwa na sera za kuwapa upendeleo watu weusi, vinginevyo ubongo wao usingetosha kuchukuliwa siriasi. Mtetezi wake pale kijiweni akaruka juu "si mnaona, kasingiziwa!" nikamwambia kaa chini bro, tusi ni lilelile, kilichopungua ni idadi ya waliotukanwa. Lakini aliyetengeneza posta naye kakata makusudi, hilo lazima tuseme.

Ya bunduki haina mjadala, ni yake, Aprili 2023, kwamba vifo kadhaa vya risasi kila mwaka ni gharama inayostahili ili haki ya kumiliki silaha ibaki. Ya mashoga kupigwa mawe ndo ngumu. Mwandishi Stephen King alipost kwamba Kirk alitaka wapigwe mawe, baadae akafuta na kuomba radhi, kwa sababu Kirk alikuwa anabishana na mtu aliyenukuu Biblia na yeye akamrudishia sura ya Mambo ya Walawi aliyosema inataka wapigwe mawe. Sawa, hakusema wakapigwe. Ila aliiita sura hiyo sheria kamilifu ya Mungu kwenye mambo ya ngono, sasa mi hapo siwezi kumtetea wala siwezi kukubali ile posta, na hiyo kona ndo posta haina nafasi ya kuiandika.

Halafu kuna klipu Kirk anafoka, wakasema anamtolea mtu "chink", tusi la Kiingereza la kuwadharau Waasia. Kumbe ni mkutano wa siasa wa Politicon 2018 na anaita jina la mtu, Cenk, Cenk Uygur mtangazaji wa kipindi cha siasa cha The Young Turks!

Nyota niliyobania ni ya lugha. Kihispania wameweka, Kiswahili hamna, na makala zao ndefu, kwahiyo mimi ndo nageuka mkalimani wa kijiwe bila malipo. Mzee wetu muuza kahawa kanisikiliza wee mwisho akaniuliza "mwanangu, kasema au hajasema?" nikabaki namwambia mzee inategemea ni lipi, akanimiminia kikombe kingine akaendelea na wateja wake. Kwa habari za huku kwetu bora PesaCheck, wakaguzi wa habari wa Afrika, wao Kiswahili wanaandika.

Kama bando lako la kuungaunga usihangaike na video zote, soma tu maandishi, maneno yake wameyanakili. Fungua hiyo ya Cenk peke yake, ile mpaka usikie kwa masikio yako.