Springi ya bunduki ya upepo inalia: grisi nzito au kibomba kipya?

Wadau wa Dar, ule mlio wa "zwiiing" ukishafyatua ni springi inatetemeka maana imepwaya kwenye kibomba kinachoishikilia kwa ndani. Grisi nzito ya kunata ni bei chee na kelele inapungua fasta, ila ukijaza nyingi risasi inapoteza spidi, na ikivuka mbele ya pistoni inaungua kwa joto la mgandamizo, unaona moshi na sili (kile kizibo cha pistoni cha kuzuia upepo usivuje) inakufa mapema. Kibomba cha plastiki ngumu kilichochongwa kuibana springi kinatibu chanzo chenyewe, kazi ni kumpata fundi makini wa lethi (mashine ya kuchonga), mtaa wa Gerezani wapo ila mpelekee springi sio bunduki, hilo soo lingine. Mi naenda na kibomba, grisi kiduchu tu. Na usifungue kabla hujaidhibiti springi, inaruka vibaya.