Ngome ya Fort McHenry, Baltimore: kwa anayetaka kuelewa vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza viliishaje

Kwa yeyote anayeishi au kutembelea mashariki mwa Marekani na anayependa historia, ninaipendekeza kwa dhati ngome ya Fort McHenry, inayotunzwa na idara ya hifadhi za taifa. Mtu mzima hulipa dola 15 kuingia ndani ya ngome, ilhali viwanja vinavyoizunguka, kando ya mto Patapsco, havina kiingilio.

Mahali hapa panaeleza vizuri sana usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 1814, ambapo manowari za Uingereza zilizoishambulia ngome kwa takriban saa 25 zilishindwa kuiteka, naye Francis Scott Key, mwanasheria Mmarekani aliyekuwa akitazama kutoka melini, akatunga shairi lililokuja kuwa wimbo wa taifa mwaka 1931. Ukisimama kwenye kuta zake zenye umbo la nyota, unaona wazi jinsi ngome inavyolitawala lango la bandari.

Hata hivyo, mgeni asiondoke akidhani kwamba ushindi huo uliipa Marekani kile ilichokipigania. Mkataba wa kumaliza vita, uliotiwa saini mjini Ghent (Ubelgiji ya leo) tarehe 24 Desemba 1814, ulirudisha mipaka ilivyokuwa kabla ya vita, na suala la mabaharia waliokamatwa kwa nguvu na kutumikishwa katika jeshi la majini la Uingereza, ambalo Rais James Madison alilitanguliza alipoliomba Bunge kutangaza vita, halikutajwa hata kidogo. Kwa maoni yangu, walioshindwa hasa ni mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika: Tecumseh, kiongozi aliyejitahidi kuyaunganisha, aliuawa Oktoba 1813; Uingereza ikaliacha dai lake la kuyatengea nchi; na kifungu cha 9 cha mkataba, kilichoahidi kuyarudishia ardhi na haki yalizokuwa nazo mwaka 1811, hakikutekelezwa. Jambo hili linaniuma, na ndiyo maana ninamsihi kila mgeni ausome mkataba huo, ambao si mrefu, kabla ya kwenda.

Ni vyema kufika asubuhi, kwa sababu hali ya hewa ikiruhusu, wageni hualikwa kusaidia kuipandisha bendera kubwa. Bendera halisi iliyopepea hapa mwaka 1814 imehifadhiwa Washington, katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, ambako kuingia ni bure.