Ziara ya majengo ya Sassoon, Bombei: nzuri ila afyuni wameiruka

Kwa mnaopeleka wagonjwa Bombei mkawa mmekaa tu mnangoja majibu ya vipimo, ipo ziara ya miguu ya nusu siku inayofuata athari za ukoo wa Sassoon, Mayahudi wa Baghdad. Mie nliifanya bimkubwa kalazwa, na kwa pesa yake inafaa.

Mnaanzia alfajiri Sassoon Dock, gati alilojenga Albert Sassoon mwaka 1875, skuizi ndo mnada wa samaki. Yakhe ukizowea diko la Malindi kwetu Unguja hutoona ugeni, ila huku walioshika biashara ni kina mama wa Kikoli, kabila la wavuvi wa huko, na usijaribu kubishana nao bei. Picha hawataki, simu iweke mfukoni.

Halafu Kala Ghoda kwenye maktaba ya David Sassoon, ilomalizika 1870, mawe ya manjano na sanamu ya mzee mwenyewe na kilemba chake na joho, usipoambiwa utasema tajiri wa Kiarabu wa Forodhani. Hapa mtembeza wageni wetu alisimulia vizuri sana mashaallah, vipi mzee alikimbia dhulma za Daud Pasha, liwali wa Baghdad, akaingia Bombei miaka ya 1830, akawatawanya wanawe China mpaka London, Elias akafika Canton kule China 1844, na barua za biashara wanaandikiana kwa Kiarabu cha kwao Baghdad ila herufi za Kiebrania, basi mshindani akiiba barua asome nini? Na sadaka zake, hospitali ya Poona iko mpaka leo inatibu watu wa kila dini.

Sasa pesa zilitoka wapi? Kasema "viungo na vitambaa", tukasogezwa mbele. Pamba kweli, ilipaa bei Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe 1861 mpaka 1865, lakini ukoo huu uliinukia zaidi kwenye afyuni ya kupeleka China, nyumba ngapi za Wachina ziliteketea kwa ile kitu. Nlipomuuliza akacheka eti wageni hawapendi kusikia. Nani kasema? Sie watu wa Unguja tunapita kila siku mbele ya ile Dispensari ya Zamani ya Tharia Topan pale Mizingani, zile roshani zake hujachoka kuzitazama, na tunajua mzee yule ndo alokuwa akimkopesha Tippu Tip mtaji wa misafara ya pembe. Hakuna alosema ibomolewe. Tuambieni yote, tutapima wenyewe.

Mwisho sinagogi la Keneseth Eliyahoo, la mwaka 1884, buluu na nyeupe, mlangoni polisi kwa hiyo paspoti uwe nayo, na Jumamosi ni siku yao ya ibada usiende.

Nyota nne kwa tano, ile moja imekwenda na afyuni. Bajaji hazifiki kusini ya mji, panda treni au teksi, na viatu vaa vya kufunika vidole, maji ya gatini hayana adabu.